Bei ya Nyumba ya Baba, Keumbu

Nyaramba,
11 Februari 2024

Ndugu yangu Ogeto,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Nyanchoka mkeo. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limekataa kabisa kushuka shambani. Sasa chai yangu inachumwa na watu wa kulipwa, nao wanachuma hadi vijiti. Ndizi zimefanya vizuri. Kaburi la Baba Maureen nimelipalilia mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Naanza na lawama, unisamehe. Tangu uuze nyumba ya marehemu baba pale Keumbu ukabadilisha laini, mimi dada yako wa tumbo moja sina namba yako. Nyanchoka ameniambia ulimkataza asinipe, eti nitaigawa kwa watu. Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu kama tulivyomwandikia baba tukiwa shule ya bweni, barua inapelekwa na mtu hadi kaunta ya vifurushi mjini Kisii, na ikikufikia tunashukuru.

Sasa jambo lenyewe. Maureen na mumewe Nyamongo wanataka kununua nyumba Keumbu, wahame ile ya kupanga. Nyumba wanayoitaka ni ya Mzee Nyasani, ile iliyopakana na yetu ukutani. Nyasani anataka milioni tatu na laki nane. Maureen alipomwambia ni bei kubwa, mzee alicheka akasema, "Msichana wangu, nyumba ya mjomba wako ilienda milioni nne na haina hata choo cha ndani." Mtoto akamwamini, kwa sababu hata mimi nimekuwa nikimwambia hivyohivyo, maana ndivyo ulivyoniambia siku uliponiletea milioni mbili zangu.

Maureen alienda ofisi ya ardhi akalipia kutafutiwa rekodi. Alipewa jina la mwenye shamba na ukubwa wa kiwanja. Bei haimo. Na hata ingekuwamo ingemsaidia nini, wakati sote tunajua watu huandika bei ndogo kwenye karatasi ili ushuru upungue, halafu nyingine inalipwa kwa mkono? Karatasi haiwezi kumwambia mtoto wetu ukweli. Mwenye kuujua ni wewe uliyeuza.

Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja tu. Ulipata milioni nne kweli, kwa nyumba na kiwanja peke yake? Wanachukua mkopo wa sacco wa miaka kumi, na zile milioni mbili zangu nawapa zote ziwe malipo ya kwanza. Wanatia sahihi kwa wakili mwisho wa mwezi huu. Niandikie mistari miwili, inatosha.

Dada yako akupendaye,
Lorna


Tabaka,
9 Machi 2024

Kwako Dada Lorna,

Bwakire, nakusalimu. Pole kwa goti. Nyanchoka anasema ulikande kwa maji ya chumvi. Sisi tunapambana na mvua, machimbo yamejaa maji na jiwe jeupe halipatikani. Mteja wa Nairobi amenirudishia sanduku zima la viboko wa jiwe niliowachonga, anasema wamevunjika midomo njiani. Viboko sitini bila midomo. Nimewapanga karakanani, kila asubuhi tunatazamana.

Barua yako nilichelewa kuipata.

Kuhusu namba ya simu, sikubadilisha laini kwa sababu ya kiburi. Nilipouza ile nyumba watu walipiga simu kana kwamba nimeokota. Kanisa linajenga ukumbi, binamu ana karo, mtu niliyesoma naye darasa la tatu ana mgonjwa, na wote wanaanza vilevile: "Tumesikia ulipata nne." Unamkumbuka Anyona aliyeuza kiwanja cha barabarani? Bei yake ilijulikana Jumatatu, na kabla wiki haijaisha vijana walikuwa wamevunja mlango wake wakitafuta pesa ambazo tayari zilikuwa benki. Mkewe mpaka leo hasikii vizuri sikio la kulia. Hiyo ndiyo faida ya kutangaziana bei.

Bei ya nyumba ya mtu ni jambo lake na mnunuzi wake. Sijawahi kumuuliza mtu aliuzaje, na sipendi kuulizwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Maureen ni mtu mzima, tena amesoma kuliko sisi. Aangalie nyumba, agonge kuta, ampeleke fundi. Nyumba ya Nyasani ni nzuri. Keumbu inakua.

Wasalimie wote,
Ogeto


Nyaramba,
24 Machi 2024

Ogeto,

Salamu kutoka kwangu. Goti ni lilelile. Chumvi haijasaidia.

Barua yako imefika wiki tatu baada ya watoto kutia sahihi. Wamelipa tatu na laki nane. Nyasani hakupunguza hata shilingi, na kila walipojaribu alinyoosha kidole upande wa pili wa ukuta na kutaja milioni nne zako.

Sikukuandikia nikuombe falsafa. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, ukanijibu kwa viboko.

Halafu nimesikia jambo ambalo Maureen alinificha kwa siku nyingi kwa sababu ya heshima. Kabla ya kutia sahihi alifunga safari hadi Tabaka kukuuliza uso kwa uso. Nyanchoka akamwambia umepeleka mzigo Kisumu. Mtoto akaketi, akanywa chai, na alipokuwa akinywa alisikia ukikohoa nyuma ya karakana. Ogeto, kikohozi chako nakijua tangu ukiwa na miaka miwili, na Maureen amekijua tangu azaliwe. Uliingia vumbini kujificha usionwe na mtoto wa dada yako. Aliaga akaenda, na hakunieleza mpaka jana, akilia.

Unaniambia bei ni siri ya mwenye nyumba. Haya. Ng'ombe wangu nikimuuza asubuhi, hadi jioni kijiji kizima kinajua amekwenda kwa pesa ngapi, na hakuna aliyekufa. Bonasi ya chai inatangazwa redioni. Mkungu wa ndizi ukipanda bei Nyaramba, wanawake wa Keumbu wanajua kabla lori halijafika. Ila nyumba, kitu ambacho mtu hununua mara moja akakilipia mpaka nywele zigeuke, hicho ndicho tunanong'ona. Unadhani siri hiyo inamlinda Anyona? Wale vijana waliijua bei yake bila kuuliza ofisi yoyote. Madalali wanazo bei zote kichwani. Asiyejua ni Maureen na mwenzake aliye kama yeye, mwenye payslip ya mshahara na mtoto mgongoni. Ningekuwa na uwezo ningezipigilia misumari kwenye nguzo ya soko, nyumba kwa nyumba, za uongo na za kweli, watu wasome wenyewe.

Nakuuliza tena. Ulipata ngapi? Mficha uchi hazai.

Lorna


Tabaka,
2 Juni 2024

Dada Lorna,

Salamu. Nyanchoka alikuwa na malaria, amepona. Mvua imepungua.

Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika maneno ambayo mtu hapaswi kumwandikia dada yake mkubwa. Leo nitaandika machache.

Baba alipokufa, wazee wa ukoo waliniita wakaniambia nyumba ya Keumbu ni yangu, wewe uliolewa Nyaramba, una kwako. Niliwaambia hapana, tutagawana nusu kwa nusu. Walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekaliwa na mke. Nitajie mwanamume mwingine pale Keumbu aliyempa dada yake nusu ya nyumba ya baba bila kuburutwa kortini. Nilikuja mwenyewe hadi Nyaramba, nikakuwekea pesa mkononi mbele ya mzee wa kanisa, ukaomba nikaombewa. Siku ile hukuniuliza karatasi. Hukuniuliza nilipata ngapi. Ulipokea.

Leo umekuwa askari wa bei.

Sitajibu swali lako. Ukiliuliza tena sitajibu barua.

Ogeto


Nyaramba,
25 Agosti 2024

Ogeto,

Sisi tu wazima, na hiyo ndiyo salamu yote utakayopata leo.

Tumetoka makambi. Mwaka huu makanisa ya Keumbu yaliungana na yetu, tukapiga hema pamoja wiki nzima. Siku ya Alhamisi, baada ya somo la akina mama, kuna mwanamke alinijia akanikumbatia. Akasema anaitwa Linet, yeye na mumewe ndio walionunua nyumba ya baba yetu. Mtu mpole sana. Akanishika mikono miwili akasema, "Mama, kila siku tunamwombea kaka yako. Tulikuwa na milioni mbili na laki sita tu, hatukuwa na zaidi, naye akakubali. Sasa tunasikia watu wakisema milioni nne, tunanyamaza, tunaona labda ndivyo alivyotaka isemwe."

Nilimwambia Mungu ni mwema. Nikaenda nyuma ya hema nikakaa chini, goti na yote.

Milioni mbili na laki sita.

Nimekuwa na hasira nawe tangu Machi nikidhani ulipata tano ukaniambia nne. Niombe msamaha kwa hilo? Siombi. Ungekuwa umeniibia ningejua la kufanya, ningekushtaki kwa wazee, tungepigana, yangeisha. Wewe uliniongezea. Ulichukua yako ukaniwekea mimi ili uonekane mwanamume wa milioni nne, na mimi mjinga nikazunguka na hiyo milioni nne mdomoni, kanisani, sokoni, nyumbani kwangu, nikamlisha mtoto wangu. Alipokuuliza ulikuwa ukikohoa vumbini.

Kama ungesema neno moja mwezi wa pili, Maureen angempa Nyasani mbili na nusu, akikataa angeondoka. Sasa kila mwezi sacco inakata mshahara wake kabla hajauona. Nyamongo amesema mbele yangu kwamba aliingizwa kwenye deni na ukoo wa mkewe. Hawalali chumba kimoja. Hili nalo ni jambo lake na mnunuzi wake?

Sikuombi pesa. Nakuamuru, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na mama hayupo. Mtu yeyote atakayekuuliza bei ya nyumba ile, awe jirani, awe dalali, awe adui yangu, mwambie ukweli. Usimfiche, usimzungushe. Asinaswe mtoto mwingine wa mtu.

Lorna


Tabaka,
15 Septemba 2024

Dada Lorna,

Umepata ulichotafuta. Natumaini umeshiba.

Sasa sikiliza na yangu. Dalali aliniahidi nne. Siku hiyohiyo nikakupigia simu, kwa furaha, nikakuambia nne, nawe ukapiga vigelegele nikasikia mpaka majirani zako wakiuliza kuna nini. Baada ya hapo dalali akatoweka. Nikakaa mwaka mzima na nyumba tupu inayovuja. Nikamwendea jirani, mzee anayejua mtaa, nikamuuliza nyumba hapa zinaendaje. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba ya nyuma yake ilienda mbili na nusu, na asingependa nimtaje. Basi walipokuja hao wenye mbili na laki sita nikaona nimebarikiwa. Jirani huyo ni Nyasani. Kwangu nyumba zilikuwa mbili na nusu, kwa Maureen zikawa karibu nne, na ukuta ni uleule.

Ningekuja kwako na milioni moja na laki tatu, baada ya vile vigelegele? Baada ya kuwaambia wazee kwamba dada yangu atapata sawa na mimi, waone nimeuza urithi kwa bei ya banda? Niliuza mashine yangu ya kukatia mawe nikajaza. Mpaka leo tunakata kwa msumeno wa mkono, ndiyo maana viboko wanavunjika midomo. Nyanchoka hajui. Anadhani mashine iliharibika.

Kwa hiyo laki saba ulizompa Maureen zilikuwa zangu. Sizidai. Nataka ujue tu kwamba unanitukana ukiwa umekalia jasho langu.

Ndiyo, nilikuwa nyuma ya karakana. Nilimsikia akimuuliza Nyanchoka kama naendelea vizuri. Nilitaka kutoka. Kila dakika iliyopita ilifanya kutoka kuwe kugumu zaidi, halafu nikasikia akifunga lango. Unanikasirisha kwa mengi lakini kwa hilo huwezi kunikasirikia kuliko ninavyojikasirikia.

Amri yako nimeisikia. Nitasema. Mtu yeyote akiniuliza nitasema, na nikionekana mjinga, nionekane. Ila usije tena kuniambia kwamba nilitaka sifa tu. Nilitaka upate sawa na mimi, na ukapata zaidi.

Ogeto


Nyaramba,
20 Oktoba 2024

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini nyote mko salama, na Nyanchoka amepata nguvu. Huku mvua za vuli zimeanza vizuri, chai imechipuka. Nimekutumia ndizi mbivu na mafuta ya parachichi, uchukue kwenye kaunta ileile.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kuhusu mashine sikujua. Nimekuwa mkali kupita kiasi, na wewe unajua mdomo wangu.

Nitakueleza tulipofika. Nyamongo amehamishwa kikazi na anataka kwenda peke yake. Maureen hawezi kubeba mkopo akiwa na mtoto mdogo na mshahara mmoja, kwa hiyo wameamua kuuza ile nyumba, walipe sacco, waone kama ndoa itapona. Namshukuru Mungu mteja amepatikana upesi. Ni mwalimu mstaafu, anaitwa Nyangate, ana pesa zake za kustaafu na anataka kukaa Keumbu karibu na hospitali kwa ajili ya mkewe. Yuko tayari kutoa tatu na laki saba. Wakiuza kwa bei hiyo wataumia kidogo tu, watasimama tena.

Lakini ni mtu mwangalifu. Ameuliza bei za mtaa, na amesikia ya kwetu. Nilimwambia mambo ya bei ya nyumba ile ni yako, mimi sijui. Akasema basi atakuja Tabaka mwenyewe akuulize, kwa kuwa wewe ndiye uliyeuza.

Ogeto, akija mwambie nne.

Najua nilichoandika mwezi wa nane. Usinikumbushe, nakumbuka kila neno. Lakini yule ni mwalimu mwenye pensheni, na huyu ni Maureen. Umesema una hasira na nafsi yako kwa sababu ya siku ile ya karakana. Haya, mlango umefunguka, toka sasa umsaidie. Ni neno moja, na ni neno ambalo umelisema miaka miwili bila taabu. Baada ya hapo hatutalitaja tena, na ukitaka tutangaze ukweli wetu kwenye kila nguzo ya Keumbu, nitakushikia nyundo.

Barua hii nimemlipa mtu aipeleke Kisii leo hii.

Dada yako,
Lorna


Tabaka,
1 Novemba 2024

Dada Lorna,

Bwakire. Sisi tu wazima. Ndizi zimefika, nyingine zimeiva kupita kiasi, tumezila hivyohivyo. Asante kwa mafuta.

Barua yako ilifika jana, Alhamisi. Mwalimu Nyangate alikuja Jumanne.

Safari hii sikukimbilia nyuma. Nilimkaribisha akakaa mbele ya karakana, mahali watu wanapopita. Aliniuliza kwa adabu sana, alianza kwa kuomba radhi kwamba anaingilia mambo ya mtu. Nikamwambia milioni mbili na laki sita. Nikamwambia pia, ili asije akaiona akachanganyikiwa, kwamba kwenye karatasi tuliandika moja na nusu. Nikamweleza na habari ya dalali, na ya Nyasani. Nyanchoka alikuwa akimimina chai, akasikia yote, pamoja na ya mashine. Hajasema nami tangu siku hiyo.

Mwalimu akasema atampa Maureen mbili na nusu, ndicho anachoona ni haki. Nilijaribu kumwambia nyumba ya Nyasani ina choo cha ndani. Akasema ameshaihesabu.

Nina hasira nawe, Lorna. Uliniamuru niseme, nikasema, na nilipokuwa nimemaliza ukaniandikia nisiseme. Na nina hasira zaidi kwa sababu, barua yako ingefika Jumatatu, najua ningemwambia nne.

Kuna jambo jingine. Alipokuwa akiaga alinishika mkono akanishukuru, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumtajia bei nyingine, kwa kuwa wote aliowauliza walimwambia nne. Nikamuuliza wote ni akina nani. Akanitajia Nyasani, akamtaja dalali mmoja wa pale stendi. Wa tatu akasita kidogo, halafu akakutaja wewe. Anasema ulimwambia nne ukiwa umeshika Biblia, mmetoka tu kuomba.

Aliuliza njia ya kufika Nyaramba nikamwelekeza. Atakuja kwako Jumapili na mkewe. Hakunieleza anakuja kutafuta nini.

Ogeto